Mfuko Chini ya Kitanda: Nyuzi, Sindano na Ahadi Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.



 Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Mada ya leo ilipotajwa, kuna waliocheka. Walisema: jamani, mwezi mtukufu huu, watu wanazungumza Qur'an na toba, wewe unatuletea habari za uzi wa sweta na viraka vya kanga? Nawaomba mnisikilize mpaka mwisho, kisha mseme kama jambo hili ni dogo.

Hebu fika nyumbani kwako leo, uiname, utazame chini ya kitanda. Kama huko hakuna kitu, tazama juu ya kabati. Kama na huko hakuna, fungua lile sanduku la bati ulilotoka nalo shule ya bweni. Katika nyumba nyingi hapa Kerugoya, iwe ni mjini, Kaitheri, Kagumo au Kutus, utakuta mfuko. Ndani mna sweta lililofika kwapani, sindano zake mbili bado zimo. Mna kitambaa cha meza kilichodariziwa pembe moja tu. Mna vipande vya kanga na vitenge vilivyokatwa miraba ili viwe mfarishi, na mfarishi wenyewe haujaonekana. Na juu ya hayo yote mna madonge mapya ya uzi, ya rangi ya kupendeza, ambayo hayajaguswa hata siku moja.

Mfuko huo ndio mada yetu.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Kwanza tusiidharau kazi ya mkono. Mji wetu uko chini ya Mlima Kenya. Ikifika majira ya gathano, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 8, ukungu unashuka na jua linapotea siku nzima. Hapa sweta si pambo. Mtoto wa shule na shosho wa miaka 80 wote wanalihitaji.

Na watu wa milima hii wamekuwa na mikono hodari tangu zamani. Mama zetu walisuka kiondo wakiwa wanatembea kwenda sokoni, mzigo mgongoni na kamba vidoleni. Kule Nanyuki, tangu mwaka 1977 kipo kikundi cha akina mama kinachojulikana kama Nanyuki Spinners and Weavers. Wanachukua sufi ya kondoo, wanaisokota kwa mkono, wanaitia rangi na kuifuma mazulia. Hapa kwetu, mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia na barakoa zikawa adimu, kiwanda cha nguo cha Kaitheri kilishona barakoa na mavazi ya kujikinga. Walioshona ni vijana wa hapa hapa.

Tukiteremka Pwani, Lamu na Zanzibar, tunaikuta kofia ya vito. Kitambaa cheupe kinachorwa ua kwa kalamu, kinatobolewa vitundu vidogo, na kila kitundu kinazungushiwa uzi kwa mkono. Kofia moja nzuri inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Kazi hiyo wanaifanya wanawake na wanaume pia. Mzee wa Kiswahili ameketi barazani na sindano yake, na hakuna anayemcheka. Kwa hiyo nyinyi vijana wa kiume mlioanza kutazama simu zenu mkidhani mada ni ya dada zenu, rudini. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, katika aliyoyataja ni kwamba alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe.

Na mshono wa viraka nao umevuka bahari. Kule Karnataka, India, wapo watu wanaoitwa Wasidi, kizazi cha Waafrika, na wengi wa wazee wao walipelekwa huko kutoka upande wetu huu wa Afrika. Miongoni mwao wapo Waislamu, Wakristo na Wahindu. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi kwa vipande vya nguo kuukuu. Wanaanza pembeni, wanazunguka kingo zote, na polepole wanaingia mpaka katikati. Kisha kwenye pembe nne wanaweka vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua. Bila maua hayo hawaihesabu kazi kuwa imekamilika. Mkumbuke jambo hilo, tutalirudia.

Wapalestina nao wana darizi yao, tatriz, ya mishono midogo ya herufi X. Zamani mtu aliweza kutazama kifua cha gauni akajua mama huyu ametoka kijiji gani. Mwaka 2021 UNESCO iliiingiza darizi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Vijiji vingine vilibomolewa mwaka 1948, lakini mishono yake bado inashonwa.

Sasa mtu aniambie kama uzi ni jambo dogo.

KWA NINI MFUKO UNAJAA?

Tuwe wakweli. Mfuko haujai kwa sababu tunafanya kazi nyingi. Unajaa kwa sababu tunaanza nyingi.

Sababu ya kwanza, kuanza ni kutamu. Uzi mpya ni laini, rangi inang'aa, na akilini sweta limeshakamilika, limeshavaliwa, na watu wameshalisifu. Safu ya 60 haina utamu huo.

Sababu ya pili ni bei. Mtu ameenda Karatina kununua viazi, akaona uzi umeshushwa bei. Anasema, "Si nitautumia tu?" Ndugu yangu, kitu cha bei rahisi usichokitumia ni ghali. Pesa imetoka na baridi iko pale pale.

Sababu ya tatu ni simu. Jioni moja unatazama video ya dada aliye Uturuki akifuma shali, kesho unaona mfarishi, keshokutwa darizi. Kila moja inakuita, na wewe unaitikia zote.

Sababu ya nne watu hawaisemi, nayo ndiyo kubwa: tunakwama. Kazi nyingi hukwama mahali pale pale. Sweta hukwama kwenye kupunguza kwapa na kwenye shingo. Mfarishi hukwama pale pa kuunganisha tabaka tatu, juu, katikati na chini. Darizi hukwama mtu anapokosea kuhesabu. Hapo tunaona haya kuuliza, tunaanza kazi nyingine ili tujisikie tunajua. Dawa yake ni rahisi kuliko tunavyofikiri. Katika kila mtaa yupo mama anayejua kufuma shingo macho yakiwa yamefumbwa. Mpelekee baada ya Alasiri, umwambie, "Mama, nionyeshe hapa tu." Atakuonyesha kwa nusu saa, na atafurahi kuliko wewe.

TUPIGE HESABU KIDOGO

Nyinyi wanafunzi mnapenda hesabu, basi tuhesabu.

Chukua kitambaa cha darizi cha kawaida chenye vijiraba 14 kwa kila inchi. Ukitaka picha ya sentimita 20 kwa 20 iliyojaa kabisa, utashona mishono kama 12,100. Tuseme wewe ni mwepesi, unashona mishono 150 kwa saa. Hizo ni saa 80 hivi.

Sasa Ramadhani ina siku 29 au 30. Tuna kisomo, kazi, futari ya kupika, vyombo vya kuosha, Tarawehe, na daku. Tuseme umepata nusu saa tu kila siku, labda baada ya Alfajiri. Nusu saa mara siku 30 ni saa 15. Kwa hiyo ile picha moja itakuchukua miezi zaidi ya mitano. Na kama una kazi sita ndani ya mfuko, ukaigawa ile nusu saa kwa zote sita, kila moja inapata dakika tano kwa siku. Dakika tano hizo zinaisha ukiwa bado unatafuta mahali ulipoachia.

Lakini angalia upande wa pili. Kofia ya mtoto mchanga inatumia uzi wa gramu 30 hadi 50. Kwa saa 15 mtu wa kawaida anaweza kumaliza kofia kadhaa, au kofia na soksi. Sweta la mtoto wa miaka miwili linaweza kutaka gramu 200 hivi, la mtu mzima gramu 400 hadi 600. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi. Kutoka Idd mpaka baridi ya mwezi wa 6 ni miezi miwili au mitatu. Mwenye kushika sweta moja tu, akalianza Ramadhani bila kuliacha, atalimaliza kabla gathano haijaingia. Anayeshika matano atafika mwezi wa 6 na mikono mitano isiyo na miili.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa kidogo. Nusu saa ya kila siku kwenye kazi moja ni mafunzo hayo hayo yakiwa mkononi.

KILA MFUKO UNA JINA LA MTU

Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Fungua tena ule mfuko. Lile sweta la kijivu, ulilianza kwa nani? "La shosho." Vile viraka? "Vya dada, alipokuwa na mimba." Mtoto yule sasa anakimbia. Ile kofia? "Ya baba, avae Idd." Idd ipi? Zimepita tatu.

Kumbe ule si mfuko wa nyuzi. Ni mfuko wa ahadi.

Katika Surat An-Nahl, aya ya 92, Allah (S.W.) anatukataza tusiwe kama mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Wanachuoni wa tafsiri wametaja habari ya mwanamke wa Makka aliyekuwa akisokota asubuhi na wajakazi wake, ikifika adhuhuri anaamuru kila kitu kifumuliwe. Na mfano ule umeletwa kwa ajili ya nini? Umeletwa kwa ajili ya ahadi na viapo. Katika mifano yote, Mola wetu alichagua uzi ili tuelewe ubaya wa kuvunja ahadi. Mtu aliyewahi kufuma anauelewa mfano huo vidoleni mwake.

Shosho akiambiwa "nakufumia sweta", anaamini. Hatakuuliza. Wazee wetu hawadai vitu kama hivyo. Ataendelea kujifunika ile leso yake asubuhi ya baridi na kusema anatosheka. Wapo waliofumiwa sweta likafika matanga yameshaanuliwa, na hilo likabaki kuwa sweta ambalo hakuna anayetaka kulivaa wala anayethubutu kulitupa. Sisemi haya kumhuzunisha mtu. Nasema kwa sababu shosho wako, alhamdulillah, bado yupo, na zimebaki safu 40.

TUFANYE NINI?

Usiku mmoja baada ya Tarawehe, kaeni kama familia. Mwageni kila kitu mkekani. Usifanye peke yako, kwa sababu peke yako utapata sababu ya kuweka kila kitu. Kisha gawanya mafungu manne.

Fungu la kwanza: kazi zenye jina la mtu aliye hai anayesubiri. Chagua moja, ile ya mtu mwenye haja zaidi, wala si ile unayoipenda wewe zaidi. Hiyo ndiyo ya Ramadhani. Ya pili iwekwe kwenye foleni. Nyingine zifungwe kila moja na karatasi yake: ni ya nani, sindano namba ngapi, umefika safu ya ngapi. Karatasi hiyo ndogo itakuokoa, kwa sababu aliyerudi kwenye sweta baada ya miezi sita bila kujua namba ya sindano atafuma mkono mmoja mpana na mwingine mwembamba.

Fungu la pili: kazi ambazo mwenyewe amekua au haja yake imepita. Hizo fumua bila huzuni. Mtu asije akaniambia nimepinga aya niliyoitaja. Yule mwanamke aliharibu kilichokamilika bila faida. Wewe unafumua sweta dogo lisilomtosha mtu ili litoke kofia nne zenye vichwa vinavyozisubiri. Zungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu tatu au nne, ufue, uutundike na kitu kizito kidogo chini ili mikunjo inyooke.

Na mabadiliko ya kazi si mageni katika nyumba ya Mtume (S.A.W.). Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akalichukia. Hakulitupa kitambaa chake, bali alikitengeneza mito ya kuegemea. Vipande vyako vya kanga iliyochanika navyo vina njia.

Fungu la tatu: uzi ambao ukweli wa moyo wako unajua hutautumia. Huo toa. Wapo wasichana madrasani wanaotaka kujifunza na hawana hata donge moja. Mpe donge na sindano, kisha keti naye siku mbili.

Fungu la nne: vilivyooza, vilivyoliwa na wadudu, vilivyopata ukungu. Hivyo usimpe mtu sadaka. Kisichokufaa kwa uchakavu hakimfai maskini pia.

Baada ya hapo wekeni sharti la nyumba: hauingii uzi mpya mpaka kazi moja itoke mlangoni ikiwa imekamilika. Na imekamilika maana yake nyuzi za mwisho zimefichwa, vifungo vimeshonwa, imefuliwa, imefika kwa mwenyewe. Kumbuka wale akina mama wa Kisidi na maua ya pembeni. Kitu kidogo cha mwisho ndicho kinachoifanya kazi kuwa kazi.

MANENO MACHACHE YA UTUNZAJI

Hapa kwetu adui ni unyevu. Usiweke uzi chini sakafuni wala ukutani panapotoka maji. Siku ya jua kali anika, kisha funga mkavu. Sufi halisi huliwa na nondo, ule wa viwandani wa akriliki hauliwi. Hujui uliyonayo ni ipi? Kata kipande kidogo, kishike kwa koleo juu ya sahani, ukiunguze. Sufi itanuka kama nywele na kuwa jivu la kuvunjika. Pamba itaungua kama karatasi. Akriliki itayeyuka iwe kijidonge kigumu. Na kwa sababu inayeyuka, mtoto aliyevaa akriliki asikae karibu na jiko la makaa.

Ukinunua uzi wa sweta, nunua wote siku moja na utazame namba ya rangi kwenye lebo. Bluu mbili za namba tofauti dukani zinafanana, kifuani hazifanani.

Na wewe unayeuza kazi zako, jua kwamba uzi ulio nao kwa matumizi ya nyumbani na uzi wa biashara havina hukumu moja. Bidhaa ya biashara ikifikia kiwango na ikapitiwa na mwaka inaingia katika hesabu ya zaka. Muulize ustadhi wako kabla mwezi haujaisha.

MIKONO MIREFU

Namalizia kwa mama yetu mmoja wa waumini. Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada yake ni mwenye mkono mrefu kuliko wote. Wakawa wanapimana mikono. Aliyetangulia akawa Zainab bint Jahsh (R.A.), aliyefariki mwaka wa 20 Hijria, ndipo wakafahamu kwamba urefu uliokusudiwa ni wa kutoa. Alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitengeneza ngozi na kushona, na anachopata anakitoa sadaka. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim.

Basi mikono yetu ina urefu gani? Katika hospitali zetu huzaliwa watoto njiti, na mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani. Kofia ya gramu 40, ya uzi laini, isiyo na kifungo wala utepe, iliyofuliwa vizuri, inamsaidia. Muulizeni kwanza muuguzi wa wodi wanahitaji nini, na msiulize mama wa mtoto ni wa dini gani. Jirani yako wa kanisani naye ana shosho anayeona baridi.

Napendekeza kwa kila familia inayosoma ukurasa huu: kazi moja ya mtu wa nyumbani, na kofia moja ya mtoto usiyemjua, zote zikamilike kabla takbira za Idd hazijasikika. Sindano moja kwa wakati mmoja. Nusu saa kwa siku. Baba ashike uzi, mtoto azungushe donge, mama ahesabu safu, na kijana aache simu aende akaulize namna ya kupunguza shingo.

Allah (S.W.) atutakabalie saumu zetu, aibariki mikono yetu, na atupe nguvu ya kutimiza tunayoyaanza. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.